Saa ya Kuona Wagonjwa

Nyumbani, 3 Machi

Dada yangu,

Tumefika salama, mimi na mgongo wangu. Mtoto alilala njia nzima, akaamka tulipogusa kitasa, kama mwenye nyumba aliyesikia wezi. Shemeji yako alikuwa amepika wali. Ulikuwa umegeuka uji. Tukala hivyo hivyo tukamsifu, maana fundi baiskeli akisifiwa hurudia.

Jana pale hospitalini sikupata nafasi ya kukuambia neno. Machela ilikuja, karatasi zikaja, na wewe ulisimama umenyooka na aproni yako nyeupe, nikakumbuka kwa nini Mama alikubandika jina la Mlingoti. Kwa hiyo naandika hapa, na usome taratibu. Wewe ni muuguzi na ni sista, una cheti na una nadhiri. Mimi sina hata kimoja. Ila huyu mgonjwa, Mama yetu, nimelala naye chumba kimoja tangu kiharusi kilipomwangusha.

Ukimwogesha, anza na mguu wa kushoto, ule mzima. Ukianza na uliokufa anaona aibu, anakaza mwili wote. Uji usiwe wa moto. Akiungua hasemi, anameza tu na machozi yanamtoka. Akikutazama halafu akatazama mlango, si kwamba anataka kwenda mahali, anataka kujisaidia. Macho yamepungua sana, kwa hiyo ukimkaribia, sema. Usimtokee kama paka.

Kuhusu kidonda cha mgongoni, nilikuwa namgeuza. Nataka ulijue hilo kabla hujakifungua. Nilikuwa namgeuza yeye huku, namnyonyesha huyu kule. Kuna siku mikono inakuwa miwili tu.

Na jambo lingine, halafu nikaoshe nepi. Walipompandisha kwenye machela alikutazama akacheka. Ule upande wa mdomo uliolala ulipanda. Mimi nimemfanyia vituko vyote, nimemwimbia, nimemkatia mauno mbele ya kitanda kama mwendawazimu, haukupanda. Kwako ulipanda. Sisemi kwa ubaya. Nasema nimeona.

Mdogo wako,
Kinda


Hospitalini, 9 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imelegea. Hapa wote tumeshaijua: mguu wa kushoto kwanza. Ni kweli, hakukaza.

Mama yupo wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, jua la asubuhi linamfika magotini. Kidonda kimesafishwa na nyama mbovu imetolewa. Chini kimeanza kuwa chekundu, ule wekundu mzuri ambao muuguzi akiuona anatabasamu. Uji anakunywa wa vuguvugu, nusu bakuli. Nywele zake zimesukwa mistari miwili.

Hapa tunageuza wagonjwa kwa kengele. Wageni hudhani ni ya sala. Ikilia, kila muuguzi anaacha alichoshika, hata kama ni chai, anawageuza wagonjwa wake wasiojiweza, kitanda hadi kitanda, wote ubavu mmoja. Ikilia tena, ubavu wa pili. Wodi nzima inageuka pamoja kama ndugu wanaolala kitanda kimoja. Masista wa kwanza ndio waliianzisha. Walikuwa wachache, wagonjwa wengi, na hakuna aliyeweza kukumbuka nani kageuzwa na nani bado.

Kwa hiyo usijilaumu kwa kidonda. Wewe hukuwa na kengele.

Mpapase mtoto kichwani kwa ajili yangu. Msalimie shemeji na wali wake.

Dada yako anayekupenda,
Mlingoti


Nyumbani, 16 Machi

Dada,

Kwamba sikuwa na kengele. Haya. Ninayo, ina meno mawili na inalia bila kuvutwa kamba.

Ukweli ni kwamba nimefurahi kidonda kinapona. Nilipofika pale uliposema wekundu mzuri nilimsomea shemeji yako kwa sauti. Akasema, "Unaona? Nilikwambia tumpeleke mapema." Nikamwambia akalale kwa baiskeli zake.

Shangazi alikuja juzi. Hakukaa hata dakika akaanza: "Mama yenu ana bahati. Kuzaa sista ni kuzaa dawa." Nikaendelea kumenya viazi. Akasema tena, "Yule mkubwa ana mikono ya baraka. Angalia, siku chache tu, kidonda kinafunga." Nikamuuliza, "Na mimi mikono yangu ni ya nini, Shangazi?" Akasema, "Wewe una mtoto, mwanangu, nani anakudai?" Kisu kikanikata kidole. Jirani kapita, naye hivyo hivyo: heri mama yako yuko kwa bintiye. Kwa bintiye. Kwani huku alikuwa kwa mpangaji?

Nitakuambia kitu na usiniombee kwa ajili yake. Kitanda chake kiko pale pale. Nikipita nakuona wewe umekaa ukingoni, unamsuka mistari miwili. Mimi nilikuwa namsuka mmoja, wa haraka, kwa sababu ya huyu mgongoni. Unamsuka miwili, unazungumza naye polepole, una muda. Nimekaa na Mama kipindi chote cha kinyesi na vilio, wewe umempata kipindi cha jua la magotini. Ukimya wote wa kwenye nyumba hii ungekuwa usingizi wangu, badala yake ninautumia kukuonea wivu.

Nijibu mambo mawili. La kwanza, nani aliwafundisha nyie masista kuwaponya mama za watu upesi hivyo? La pili, ananiulizia? Usinitafutie maneno matamu. Ananiulizia au haniulizii.

Kinda


Hospitalini, 23 Machi

Mdogo wangu,

Umeuliza nani alitufundisha. Ngoja nikueleze, maana hata mimi niliingia hapa nikidhani uuguzi ulianza na daktari.

Masista wa kwanza walipewa ghala la pamba. Daktari alipita mara moja moja, akiwa njiani kwenda kwingine. Walipanga mikeka, na wao wakalala mwisho wa ghala nyuma ya pazia, ili mtu akikohoa wajue ni nani kabla hawajainuka. Vitambaa vya vidonda vilichemshwa kwenye sufuria ile ile ya chakula, baada ya kusuguliwa kwa majivu. Mfu asiye na ndugu walimwosha wao. Watu wa mjini waliwacheka: wanawake wasio na waume watajuaje mwili wa mwanamume? Halafu wakaanza kuleta baba zao, usiku usiku wasionekane, na mwishowe mchana.

Walikuwa na asali kabla ya kuwa na dawa ya vidonda, na bado tunaitumia, ndiyo iliyowekwa kwa Mama. Walikuwa na mito ya pumba iliyotobolewa katikati, kama vitumbua vilivyoliwa moyo, ili kidonda kisiguse godoro. Baadaye wakafungua shule, na wauguzi wengi unaowaona kwenye zahanati na sare za serikali walipita mikononi mwao, wakapigwa vidole kwa rula kwa kukunja shuka vibaya. Siku hizi sisi ndio wachache. Walioajiriwa wanatuzidi, na pazia lile linafunika mitungi ya oksijeni.

Kwa hiyo mikono si yangu. Shangazi mwambie hivyo.

Mama anaendelea. Hasemi sana siku hizi. Amechoka kidogo. Kidonda kinazidi kupungua.

Pumzika, Kinda. Mtoto akilala, lala.

Dada yako,
Mlingoti


Nyumbani, 7 Aprili

Sista,

Nimekuita hivyo, na nimekusudia. Watu wote hukuita hivyo, mimi sijawahi.

Mke wa fundi cherehani ametoka hospitali kwenu. Yule tunayemwita Mama Sindano kwa sababu ya mdomo wake. Alifanyiwa upasuaji wa tezi, akalazwa wodi ya wanawake. Nimekwenda kumpa pole, na nitakuandikia alivyosema, neno kwa neno.

Kasema, "Mama yako nilikuwa namwona kila siku, vitanda viwili tu katikati."

Nikamuuliza, "Dada yangu anamtunza vizuri?"

"Dada yako yupi?"

"Yule sista mrefu."

Akafikiri. "Ah, yule wa kufua?"

Nikamwambia atakuwa amemfananisha. Kasema, "Mrefu kama nguzo ya simu, utamfananisha na nani? Yuko uani kwenye mabeseni na shuka. Mama yako anaogeshwa na sista mfupi mwenye miwani mizito, anaongea na chupa za dawa kama kuku zake. Huyo mrefu anapita dirishani na kapu la nguo, anasimama kidogo, anaondoka. Hata kizingiti hakanyagi. Sisi tulidhani ana ugomvi na wodi."

Halafu akanishika mkono, na ujue Mama Sindano hamshiki mtu mkono. Kasema, "Mama yako kidonda kinapona, lakini mwenyewe anaisha. Amefunga mdomo. Wanamlisha kwa upole wote, anauachia uji unatoka pembeni. Yule wa miwani analia uani, nimemwona."

Sasa soma barua zako mwenyewe. Tunageuza. Hapa wote tumeshaijua. Nywele zimesukwa. Zimesukwa na nani, Sista? Nilikuuliza ananiulizia, ukanipa ghala la pamba.

Wivu wangu nimeulea kama mtoto wa pili. Nimeamka nao, nimenyonyesha nao, nimeupakata nikimenya viazi. Kumbe nilikuwa namwonea wivu mtu anayefua. Nilimwacha Mama kwako, nikarudi nimelia basi zima, nikijipa moyo kwamba angalau yuko kwa damu yake. Wewe ukamkabidhi kwa wengine, ukaendelea kuniandikia kana kwamba ni vidole vyako.

Shemeji yako anatafuta gari. Tukilipata tunakuja kumchukua. Kama ni kuishia mikononi mwa mtu asiye na vyeti, aishie mikononi mwangu.

Kinda


Hospitalini, 10 Aprili

Kinda,

Kila alichosema Mama Sindano ni kweli. Hata nguzo ya simu.

Sijamgusa Mama tangu machela ilipovuka mlango. Shirika letu lina kanuni: sista hamhudumii wa damu yake. Siku ile ile mliyomleta nilikuwa na zamu wodi ya wanawake. Kabla hujafika kituo cha basi nilikuwa nimeshahamishiwa dobi.

Usidhani ni ukatili wa mtu aliyekaa ofisini. Enzi za lile ghala kulikuja kipindupindu. Ugonjwa ule dawa yake ya kwanza ni maji, kijiko baada ya kijiko, bila kuacha, na mgonjwa akiachwa kidogo anakauka. Kulikuwa na sista mmoja hodari kuliko wote. Wakaletwa watu wa mtaa mzima, na miongoni mwao kaka yake. Akakaa kwake. Hakuamua kuwaacha wengine, ila kila alipotaka kuinuka kaka alimshika vazi. Upande wake wa ghala ulikuwa na akina mama na watoto wao. Kaka alipona. Kulipopambazuka wenzake walikuta upande ule kimya. Yule sista aliishi hadi uzee, na kanuni ile ni yeye aliyeiomba. Nilipoweka nadhiri niliikubali na nikaiona nzuri. Nilikuwa sina mgonjwa.

Kwa hiyo nafua. Shuka za Mama nazijua kwa kiraka cha kona, nimekishona mimi. Zikija nazifungua kwanza kabla ya zote. Kwa shuka najua kama alilala, kama alijisaidia kwa wakati, kama kidonda kilitoa maji. Kwa shuka nilijua kwamba uji unamwagika, kabla sijaambiwa. Mengine namhoji Sista Miwani mezani. Ni mtu mwema. Ananiigizia jinsi Mama anavyokunja uso, na mimi ninacheka huku nikitamani kumnyang'anya mikono. Mistari miwili kamsuka yeye. Nilipopita dirishani nikaona kamgawanya nywele pabaya, kushoto kidogo, nilirudi uani nikakamua blanketi mpaka likachanika. Hata wewe na kidole chako hujafika huko.

Umenionea wivu wiki chache. Mimi nimekuonea tangu kiharusi kilipompiga. Wakati huo uliniandikia, "Leo kanitukana, nikafurahi," nikakosa usingizi, kwa sababu wewe ulitukanwa na mimi niliandikiwa. Ulipomleta nilidhani sasa zamu yangu. Ilikuwa zamu yangu kwa urefu wa veranda.

Kwa nini sikukuambia? Ulikwishaondoka ukiamini yuko kwangu, na imani hiyo ndiyo ilikufanya uweze kupanda basi. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka mtu mmoja duniani aamini kwamba ni vidole vyangu.

Hakuulizii kwa maneno, Kinda. Miwani anasema hamuulizii mtu. Anatazama mlango, na sasa akiletewa chombo cha kujisaidia hakihitaji. Sikukujibu kwa sababu nilijua maana yake: anakungoja wewe.

Usimhamishe. Kidonda bado, na barabara ile itakifungua upya. Hili nakuambia kama muuguzi. Kama dada sina la kukuambia.

Mlingoti


Nyumbani, 13 Aprili

Dada,

Nimerudi kukuita dada, usijisahau, bado nimekasirika.

Gari halitakuja. Mtoto ametoka surua, mwili mzima vipele, macho mekundu kama mlevi. Nesi wa zahanati kasema nisimtoe nje, na hata nikifika getini kwenu mtanirudisha, na mtakuwa na haki, kuna watoto wa watu humo. Kwa hiyo siji. Nimeliandika hilo neno nikakaa nalitazama. Mama anafunga mdomo na mimi siji.

Sasa sikiliza, maana nimelifikiria nikimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji.

Hospitali yenu ina saa ya kuona wagonjwa au haina? Nilipomleta Mama niliona watu wamejipanga getini na vikapu. Mlinzi anauliza, "Unamwona nani?" Mtu anasema jina, anaingia, anakaa kwenye benchi, anamlisha mgonjwa wake, anaichamba serikali, kengele ikilia anatoka. Hao hawahudumu. Hao ni ndugu.

Basi wewe, dada yangu msomi, tangu Mama aingie humo, umeshawahi kwenda kumtazama mgonjwa wako? Nakujua. Umezunguka uani, umechungulia dirishani kama mwizi wa kuku, kwa sababu mlango unaoujua ni ule wa wauguzi, na ule umefungwa. Haijakuingia akilini kwamba kuna mlango wa watu wote. Kanuni yenu imesema sista asimhudumie wa damu yake. Imesema asiwe na mama?

Muulize Mama Mkuu wenu. Muulize kwa adabu, lakini muulize umesimama, urefu huo Mungu hakukupa bure. Akikubali, vua aproni, toka nje ya geti kabisa, jipange foleni, uingie kama mimi ningeingia.

Na uji mpe wewe. Hii sentensi nimeifuta na kuiandika na kuifuta. Kumlisha kulikuwa kwangu. Kila kingine sikukipenda, lakini saa ya kumlisha, amenitazama mdomoni ninavyofungua wangu ili naye afungue, ile nilikuwa naipenda. Nakupa. Sikupi kwa roho nyeupe, nakupa kwa sababu anakufa njaa. Wivu niachie, utanikalia vizuri tu, nimeshauzoea.

Uandike kila kitu. Na mara hii andika nani amefanya nini.

Kinda


Hospitalini, 20 Aprili

Kinda,

Nimekwenda kwa Mama Mkuu. Nilisimama, kama ulivyoagiza. Alinisikiliza akipanga kalamu zake, akaendelea kuzipanga mpaka nikaanza kuomba radhi. Akasema, "Nyamaza, nafikiri." Kisha: "Kuhudumu kumeandikwa. Kukaa hakukuandikwa. Ukigusa bandeji nakutoa mimi mwenyewe." Nikauliza habari ya uji. Akasema, "Ndugu wote wanalisha. Kwani wewe ni nani?"

Nilivua aproni nikaikunja. Nikatoka getini mpaka barabarani, nikajipanga nyuma ya mama mwenye birika na mzee mwenye machungwa. Mlinzi aliponifikia akacheka. "Sista, umepotea?" Nikamwambia, "Nina mgonjwa." Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kulisema neno hilo. Akaacha kucheka, akanifungulia kama alivyowafungulia wengine, akanikumbusha nisikae kitandani.

Nilikaa kwenye benchi ya ndugu. Sikujua niiweke wapi mikono. Niliona mto umekaa vibaya, nikaikalia mikono yangu. Kengele ya kugeuza ikalia, na kwa mazoea nikainuka. Sista Miwani akapita na kunipiga bega. "Ndugu wa mgonjwa, sogea tufanye kazi." Alisema kwa ukali wa kuigiza, lakini machoni alikuwa na huzuni, na nikajua kwamba naye ana wivu wake, kwa sababu yeye ndiye aliyemtunza Mama wiki zote hizi na uji umemshinda. Nikasogea. Nikamtazama mtu mwingine akimgeuza Mama ubavu, mbele yangu, na nikabaki kuwa ndugu. Ni kazi ngumu, Kinda. Sikujua. Unakaa tu.

Alipomaliza nilivuta benchi karibu. Nikasema, kama ulivyofundisha, nisimtokee kama paka. Nilisema, "Mama, nimekuja."

Akaupapasa mkono wangu. Vidole vyangu siku hizi vimechubuka kwa sabuni na maji ya moto, vina nyufa kama vya mtu mwenye mtoto mchanga na nepi. Akavishika kimoja kimoja. Akasema, na Miwani ni shahidi, neno lake la kwanza tangu mwezi uanze:

"Kinda?"

Ulitaka niandike nani kafanya nini. Mimi nimefanya hili: nimeitika. Nimesema, "Abee, Mama."

Akafungua mdomo. Nilimpa uji, akameza. Nikampa tena. Nilikuwa nafungua mdomo wangu mwenyewe bila kujua. Bakuli likaisha, na Miwani akaenda dirishani kufuta miwani yake kwa pazia, jambo ambalo humpigia kelele kila mwanafunzi akilifanya.

Nilikuwa nimekaa nimejaa furaha, na ninaungua. Kwamba amekula, na amekula kwako. Miaka yote ile ya kumwogesha imo vidoleni mwako hata usipokuwepo, na mimi nimeiazima kwa sababu ya sabuni ya kufulia.

Kisha akanivuta niiname. Akauliza polepole, mdomo ule unamsumbua, "Mlingoti bado haji?"

Nikataka kuuvuta mkono wangu. Akadhani ni Kinda anayemlaumu dada yake, akanibana kidole. Akasema, "Usimseme. Namwona anapita dirishani. Macho haya hayaoni kitu, lakini kivuli kile ni kirefu, nimekizaa mimi. Ana kazi. Mwache."

Kengele ya kufunga ikalia, nikatoka na ndugu wengine.

Sijui nifanye nini. Nikimwambia mimi ni nani, huenda akafunga mdomo. Nisipomwambia, atakaa pale akitazama dirisha, akimngoja mtu anayemlisha. Kesho saa ya kuona wagonjwa itafika. Barua hii nampa dereva wa basi la alfajiri ikufikie haraka. Jina ni lako. Nijibu.

Mlingoti


Nyumbani, 21 Aprili

Dada,

Dereva anangoja mlangoni anakunywa chai yangu, kwa hiyo nitaandika haraka na mwandiko utauvumilia.

Nimesoma pale ulipoitika, nikaiweka chini, nikaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshaanikwa. Kusikia jina langu kinywani mwake ningetoa nyumba hii na baiskeli zote zilizomo. Limekuja, na umelipokea wewe. Halafu nikarudi kusoma pale alipokuulizia, nikaona kumbe hata akiwa na mimi mkononi anatazama dirisha. Nikalia, na mtoto akanicheka, vipele vyake vinakauka.

Shemeji yako kasema, "Sasa nani kamshinda mwenzake?" Nimemwambia aangalie minyororo yake.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinibishie, mimi ndiye niliyekaa naye. Leo nenda tena foleni. Akiuliza Kinda, itika. Nimekuruhusu, itika jina langu mpaka bakuli liishe, maana tumbo kwanza. Mfute mdomo. Mwache apumue. Na akishashiba, mwambie Mlingoti amefika.

Mdogo wako,
Kinda